Barua za Pasi kwa Wateja Wapendwa

Kazini walimwita Pasi, naye alidhani ni sifa. Jina lilianzia kwa dada wa mapokezi, siku aliyomkuta chooni amevua shati, analowesha kola kwa maji ya bomba na kuinyoosha kwa kiganja ukutani. Yeye mwenyewe aliamini wamemwita hivyo kwa sababu ya namna anavyonyoosha mambo, na hakuna aliyejisumbua kumtoa kwenye ndoto hiyo.

Alitunza orodha ya wateja katika duka kubwa la fanicha na magodoro. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, chumba kisicho na dirisha, kati ya stoo ya mito na choo cha wafanyakazi. Kwa miaka mingi wauzaji walikuwa wakiingiza wateja kwenye kompyuta kila mmoja kwa mtindo wake. Kuna aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa kama anayegomba. Kuna aliyeweka namba ya simu mahali pa jina. Mama mmoja aliingizwa mara nne, kila mara kwa tahajia mpya, na maskini alikuwa amenunua kabati moja tu. Anwani ndiyo ilikuwa balaa lenyewe: "nyuma ya kinyozi, geti la bluu, ukipotea muulize muuza maji." Pasi akisoma mambo ya namna hiyo alikunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula.

Siku yake ilifika pale meneja aliponunua programu ya kutuma barua kwa wingi. Meneja alikuwa mtu wa suti na haraka, anayezungumza huku ameshashika kitasa cha mlango.

"Duka linatimiza miaka kumi," alisema. "Nataka kila mteja apate barua ya mwaliko, na aitwe kwa heshima yake. Asijione ametupiwa tangazo."

"Niachie mimi, bosi. Wataona kama umewaandikia wewe mwenyewe."

Akaanza kusafisha. Yule mama wa mara nne akawa mmoja. Herufi kubwa zikashushwa. Vinyozi, mageti na wauza maji wakafutwa wote, mtaa ukabaki mtaa na sanduku la posta likabaki sanduku la posta. Dada wa mapokezi, aliyekuwa amepanda kuazima stepla, alichungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Sasa wanaopeleka vitanda watafikaje?"

"Hayo ni ya wanaopeleka vitanda," Pasi alijibu. "Mimi nashughulika na data."

Alipomaliza anwani, bado mikono ilimwasha. Akaona vichwa vya safu havilingani urefu, kingine kifupi, kingine kirefu, akaamua kila kimoja kiwe na herufi tatu. Ilipendeza macho. Safu ya Maamkizi, yenye Bwana, Bibi, Daktari na Mchungaji, ikawa MAA. Safu iliyofuata, ya Maelezo, ikawa MAE. Humo ndani ya Maelezo ndimo wauzaji walimokuwa wakiandika walichofikiri juu ya mteja, wakijua kwamba mteja mwenyewe hatakiona asilani.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuoanisha: upande mmoja wa kioo kuna safu za orodha, upande wa pili kuna nafasi zilizo wazi ndani ya barua, nawe unavuta mstari kutoka huku kwenda kule. Kwenye nafasi ya maamkizi, Pasi alivuta mstari kutoka MAE. Akafungua barua ya kwanza kuhakikisha. Mteja wa kwanza kwenye orodha alikuwa mwalimu, na muuzaji asiye na maneno mengi alikuwa amemwandikia maelezo ya neno moja: Mwalimu. Barua ikasomeka, "Mpendwa Mwalimu." Pasi akatabasamu, akabonyeza. Barua zaidi ya elfu mbili zikachapwa, zikakunjwa, zikaenda posta.

Simu ya kwanza ilipigwa na mzee mpole sana.

"Binti yangu," alimwambia dada wa mapokezi, "nimeandikiwa hapa, Mpendwa Mbishi Mtajie Bei ya Juu. Nilitaka tu kujua, hiyo bei ya juu nilitajiwa?"

Dada alimwomba asubiri kidogo, akaweka simu chini, akamwacha asubiri mpaka akachoka. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa dukani, kila mmoja na bahasha yake. Mpendwa Haogi alikuja na mkewe, na mke ndiye aliyekuwa akicheka. Mpendwa Anajifanya Tajiri alikaa kwenye kochi la maonyesho akakataa kuondoka. Fundi cherehani mmoja, Mpendwa Anaongea Sana Ila Analipa, hakukasirika hata kidogo. Alikuja kueleza jinsi alivyoipokea barua, akaeleza mpaka duka likafungwa.

Pasi alitoroka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni, amekaa wima, mkoba mapajani. Mkewe alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa unisomee barua, mwanangu. Miwani nimeiacha."

Miwani ilikuwa puani pake. Pasi akaichukua barua, akakohoa.

"Mpendwa mama, tunayo furaha kukualika..."

"Umeruka."

"Mama, ni makosa ya kompyuta."

"Kompyuta ndiyo iliyokuja kwangu kuchukua godoro?"

"Mama, mwache basi anywe maji kwanza," mkewe alisema.

"Anywe. Mimi sina haraka."

Akanywa, tena taratibu, lakini glasi ina mwisho. Ikabidi asome, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, maneno aliyoyachapa mwenyewe siku aliyokuwa na hasira: "Mpendwa Mama Mkwe Wangu Hana Shukrani Godoro Karudisha Mara Mbili."

Mama mkwe alikunja barua, akaitia mkobani.

"Godoro lilikuwa na shimo," alisema. "Na mkwe niliyepewa ana kasoro zake, wala sijamrudisha." Akaaga, akamkumbatia binti yake, akaondoka.

Kesho yake meneja alimpa Pasi orodha ya walioumia zaidi, akawaombe radhi mmoja mmoja, kwa miguu yake. Anwani alichapa zile zile alizozisafisha. Alizunguka juani kwenye mitaa isiyo na namba, akigonga milango isiyo yake, viatu vikageuka rangi, na kola ikalegea shingoni. Wengi hakuwapata. Jioni alimpata mmoja, mwanamke fundi simu, kwenye kibanda chake, amezungukwa na simu zilizofumuliwa matumbo. Barua yake ilisema: Mpendwa Mjane Rahisi Kushawishika.

"Programu ilichanganya safu, mama," Pasi alianza. "Haikuwa makusudi."

"Nimekusikia." Hakuinua macho kutoka kwenye bisibisi. "Nani aliandika kwamba mimi ni rahisi kushawishika?"

Pasi akajifuta jasho shingoni.

"Nilikuja kwenu nimetoka kuzika. Muuzaji wenu alinishika mkono, akanipa pole, akasema kitanda cha zamani kitanitesa moyo. Nikachukua kitanda, nikachukua na kabati, na meza ya vioo ambayo sina hata pa kuiweka. Nyumbani nikawaambia watoto kwamba pale dukani kuna mtu ana huruma." Akaweka bisibisi chini. "Nitoe humo kwenye kompyuta yenu."

"Nitakutoa, mama. Nakuahidi."

Alirudi ofisini moja kwa moja, akamfuta. Halafu akaenda kwa meneja na kumwambia, kwa ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao, kwamba safu nzima ya Maelezo ifutwe. Meneja alimtazama kama aliyeombwa afute duka.

"Ile ndiyo mali yetu, Pasi. Wauzaji watauzaje bila kujua nani ni nani? Wewe ifiche vizuri, isije ikatoka tena. Na huyo mjane mrudishe. Ni mteja mzuri."

Pasi alifunga kifungo cha kola.

"Sawa, bosi," akasema.

Akarudi chumbani kwake, akamrudisha mjane mahali pake, na Maelezo yake pembeni, herufi kubwa mwanzoni kama inavyotakiwa. Safu akaipa jina jipya lisilofanana na lolote, akaifunga kwa neno la siri. Kisha akachukua kitambaa na spiriti, akaanza kusugua kibodi, na hakuacha mpaka herufi mbili zikafutika.