Daktari wa Nyuki na Yavuyavu

Ukishuka Mkiwa pale njia panda ukauliza asali, utaambiwa nenda kwa Antipasi. Ukiuliza dawa ya kuumwa na nyuki, utaambiwa hivyo hivyo, tena watakusindikiza, maana kumtazama Mzee Antipasi akitibu ni burudani. Anakukalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatoa kisu kidogo mfukoni, anakwangua mwiba mmoja baada ya mwingine, halafu anapasua kitunguu na kukusugua nacho mpaka unasahau nyuki na kuanza kulia kwa ajili ya kitunguu. "Umepona," anasema. Na kweli unapona. Kijiji kizima kinamwita Daktari wa Nyuki, na yeye, miaka sitini na mmoja, hajawahi kulikataa jina hilo hata kwa adabu.

Sasa, nyuki ndio waliomharibu. Walimuuma miaka arobaini mfululizo bila kumuua, naye akaamua kwamba hakuna kidudu chini ya jua cha kumtisha. Nge? "Huyo mtoto." Tandu? "Huyo kelele tu." Mkewe Rebeka, ambaye ameishi na maneno hayo tangu akiwa msichana wa miaka ishirini, hujibu, "Ndiyo, Baba Derick," na kuendelea kuchambua mlenda wake.

Basi mwaka jana kwaya ya kigango chao ikaalikwa kwenda kuimba Tanga. Walikuwa watu ishirini na sita, na waliowahi kuiona bahari hawakuzidi watatu. Antipasi huimba besi, tena ndiye mlezi wa kwaya. Ratiba ilisema Jumapili kuimba, Jumatatu kuoga baharini, Jumanne kurudi. Tusidanganyane: ile Jumatatu ndiyo iliyojaza watu mazoezini.

Wiki moja kabla ya safari, Antipasi na Rebeka walipeleka asali Utemini, mjini Singida, dukani kwa Hanifa. Huyu baba yake ni Mnyaturu na mama yake ni mtu wa Pangani, na likizo zake zote za utotoni alizimalizia huko kwa bibi yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Hanifa, tunakwenda kuoga kwenu baharini!"

Hanifa aliacha kupima mchele. "Basi mjihadhari na yavuyavu."

"Ndiyo nini hiyo?" Rebeka akauliza.

"Mnyama wa majini, mama. Laini, unaweza kuona upande wa pili, na chini yake zinaning'inia nyuzi ndefu. Nyuzi ndizo zinazochoma. Wapo wa kukuwasha tu, na wapo wa kukufanya ushindwe kuhema. Mjomba wangu alilazwa siku nne."

Antipasi alikunja mikono kifuani. "Ana meno?"

"Hana."

"Ana mfupa?"

"Hana."

"Mwiba?"

"Wa kuonekana kwa macho, hana."

"Basi huyo si mnyama, mwanangu. Ni makamasi."

Hanifa hakucheka. Alimgeukia Rebeka, maana wafanyabiashara wanajua haraka nani ananunua na nani anapita tu. "Mama, nisikilize wewe. Mkifika, kabla hamjatia mguu majini, waulizeni wenyeji bahari ya leo ikoje. Upepo mkali ukivuma, hawa wanyama wanasukumwa ufukweni, na siku hiyo bora mkae mchangani mle samaki. Mkiingia, vaeni nguo za kufunika mikono na miguu. Mkimkuta amekufa mchangani msimguse, maana hata akifa bado anachoma. Na mtu akichomwa atoke majini, lakini asisuguliwe, asikwanguliwe, asioshwe kwa maji ya bomba, wala asikojolewe kama vijana wanavyodanganyana."

"Yesu na Maria!" Rebeka akashika mdomo.

"Mmwagieni siki. Nyuzi mzitoe kwa kijiti, si kwa vidole. Halafu achovye kiungo chake kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, kwa nusu saa. Akianza kuhema vibaya, ni hospitali moja kwa moja, msingoje." Akateremsha chupa ya siki rafuni na kuiweka kwenye kikapu cha Rebeka.

Njiani Rebeka alisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende."

"Mwiba hana," Antipasi akajibu. "Umesikia mwenyewe."

Jumapili waliimba vizuri mpaka wakaombwa warudie. Jumatatu asubuhi wakashuka ufukweni, wakasimama wakiyatazama maji yale yote. Rebeka alikwenda kwanza kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo pale, akamuuliza bahari ya leo ikoje.

"Usiku upepo umevuma sana," yule mama alisema. "Leo wapo. Ningekuwa nyie ningengoja kesho."

Kesho yenyewe ni siku ya kurudi! Wanakwaya wakanuna. Rebeka akafungua mfuko aliokuja nao kutoka Mkiwa, akaanza kugawa soksi ndefu na suruali za michezo, akisema anayetaka sana kuingia avae hizo na asivuke magoti. Felista, msichana wa miaka ishirini na mbili, sauti ya kwanza na kinara wa kwaya, alizitazama zile soksi kwa uchungu.

"Mama Derick, nimekaa kwenye basi siku nzima nije kuogea soksi?"

Watu wakacheka, wakamgeukia Antipasi. Mlezi aamue. Naye, kwa bahati yake mbaya, alikuwa amekwisha kuliona yavuyavu moja, limetupwa na maji, limelala mchangani limekufa kabisa.

"Ndugu zangu," alisema, akainama, akaliokota. "Huyu ndiye mnayetishwa naye. Hana meno, hana mfupa. Mtu amewahi kufa kwa makamasi?"

Walishangilia. Na pale pale, kwaya ikiwa bado inashangilia, kiganja cha Antipasi kikashika moto. Haikuwa kama nyuki. Nyuki ana adabu, anachoma mara moja anakwenda zake. Hiki kitu kiliendelea, kikapanda kifundo cha mkono, kikazidi.

Akajikaza kisabuni. "Mnaona?" alisema, kwa sauti iliyokuwa imehama kabisa kutoka kwenye besi. "Hakuna kitu." Wakakimbilia majini, Felista mbele, miguu wazi.

Antipasi alitembea polepole mpaka nyuma ya choo cha ufukweni, halafu akaanza kurukaruka. Alitoa kisu, akakwangua alivyozoea. Mkono ukawaka zaidi. Akafungua bomba, akaosha. Lo! Aliona nyota saa nne asubuhi. Akang'ata kofia yake ili asipige kelele, na machozi yakamtoka, mzee mzima, peke yake na bomba linamwagika. Kilichomtia hofu zaidi ya maumivu ni watu kujua. Miaka hiyo arobaini aliijenga juu ya jina moja, na leo limebomolewa na maiti! Akautumbukiza mkono mfukoni, akarudi ufukweni akijaribu kupiga mluzi.

Hakufika mbali. Alisikia yowe, na hakuhitaji kuuliza ni la nani, maana ile sauti ya kwanza anaijua. Chediel, mwalimu wa kwaya, alikuwa anamtoa Felista majini amembeba mikononi. Nyuzi zilikuwa zimemzunguka mguu kuanzia goti kushuka, na ngozi chini yake imefanya michirizi myekundu.

"Mlazeni hapa!" Chediel alisema, tayari ameshika kisu. "Kitunguu, nani ana kitunguu? Mzee ametufundisha, tunakwangua kwanza!" Halafu akamwona. "Daktari huyu hapa! Mpisheni!"

Wakampisha. Watu ishirini na nne walisimama pembeni na kumtazama Antipasi kwa imani yote, kama wanavyomtazama wakiwa wameumwa na nyuki kule nyumbani. Alijua kabisa. Akisema "acha", watamuuliza amejuaje. Akinyamaza, kisu kitashuka kwenye mguu wa mtoto wa watu, ambaye ameingia majini kwa sababu yeye alisema hakuna kitu.

"Acha!" alipiga kelele. "Chediel, weka kisu chini!"

"Lakini mzee, si ndivyo ulivyo—"

Antipasi akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa umevimba, umejaa mistari, na pale alipokwangua ndipo palipokuwa pabaya kuliko kote. "Nimekwangua. Nimeosha. Tazameni," alisema. "Unanichoma tangu pale nilipowaambia hakuna kitu. Niliwadanganya. Mimi sijui chochote kuhusu hiki kitu. Anayejua ni Mama Derick. Msikilizeni yeye."

Mama Derick hakuwa amengoja aitwe. Chupa ya siki ilikuwa imekwisha kufunguliwa, anamwagia mguu bila haraka, akamwambia Chediel atafute kijiti, wakaondoa uzi mmoja mmoja. Mama wa mihogo alileta maji ya moto kwenye beseni. Rebeka akayapima kwa kiwiko, akamchovya Felista mguu. Lakini Felista alisema kwa shida, "Mama, kifua kinabana." Rebeka akanyanyuka. "Bajaji! Hatungoji!"

Ndani ya bajaji Antipasi alibanwa kwenye kona, kichwa cha Felista kimeegemea bega lake, akamsikia anavyovuta pumzi fupi fupi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Alisali kwa sauti, hakujali dereva anasikia. "Mungu wangu, hilo jina lichukue. Lichukue lote. Tuachie huyu mtoto."

Zahanati walimpokea upesi. Walimpa dawa, wakamwekea hewa, wakakaa naye. Saa sita ikapita. Saa saba na nusu Felista alifumbua macho na kuuliza kama kuna mtu amenunua chipsi, na kwaya nzima, iliyokuwa imejazana dirishani, ikapiga vigelegele mpaka mganga akawafukuza.

Ndipo nesi akakaa mezani na daftari lake, akamwita Antipasi mbele. Aliutazama ule mkono, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mzee, huku kulikochubuka ni yavuyavu au ni nini? Ulifanya nini hapa?"

Vichwa vikarudi dirishani. Antipasi aliviona, akajibu.

"Nilikwangua kwa kisu, mwanangu. Niliambiwa nisimguse, nikamwokota. Niliambiwa nisikwangue, nikakwangua. Nilikosea."

Nesi akaanza kuandika. Rebeka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, nguo zikinuka siki, alisimama akasogea mpaka mezani kuhakikisha kalamu inatoa wino.

"Nesi," alisema, "hilo neno la mwisho liandike kama alivyolisema. Na tarehe uweke."