Ndani ya Boila Namba Mbili

Nilipomaliza uhandisi Minneapolis, Marekani, na kukosa kazi majira yote ya baridi, Jumamosi nilikuwa nikijitolea kwenye kituo cha zamani cha kusukuma maji ya jiji, kando ya mto. Injini zake za mvuke, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, hazikuwa zikimnywesha mtu tena. Tulizitunza ili wageni waje kuziona zikizunguka. Aliyenipeleka ni Mtanzania mwenzangu, mzee aliyetumia ujana wake kwenye boila za kiwanda cha sukari nyumbani, na sasa alihudumia za hospitali moja mjini.

Sheria yake ilikuwa moja. Anayeingia ndani ya boila kuisafisha atundike kibati chenye namba yake kwenye valvu, koki inayofungulia mvuke uingie humo. Kikiwapo, valvu haiguswi.

"Kwani si unaniona nikiingia?" nilimuuliza.

"Nakuona. Halafu nitakwenda kunywa chai, nitakusahau."

"Basi andika mahali."

"Msomi, tundika."

Nikaitikia, nikakitia kibati mfukoni. Nilitaka jioni nimwonyeshe kwamba hakuna kilichotokea.

Nilijipenyeza kwenye tundu la boila namba mbili bega moja moja. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikibandua magamba ya chokaa, pale bomba linalotoka boila ya jirani, ambayo ilikuwa na moto, lilipolia kwa kishindo juu ya kichwa changu. Likalia tena. Kisha pumzi ya moto ikanipita shingoni.

Nilipiga kelele, sauti ikanirudia mwenyewe. Nikagonga chuma kwa nyundo ovyo huku nikirudi kinyumenyume, shati likanasa. Nilijikojolea. Maswali yangu yote yalikuwa yamekwisha.

Pumzi ile ikakatika. Mikono ikanishika vifundo vya miguu, ikanivuta nje.

Mzee alijiachia akakaa sakafuni. "Nilitazama valvu kabla ya kufungua," alisema. "Sikuona kibati, nikajua umeshatoka. Haya macho basi tena. Jumatatu nawaambia hospitali waniondoe."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kilianguka. Hofu hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ile ya ndani, kwa sababu nilikuwa na muda wa kuifikiria.

"Macho yako mazima, Mzee. Sikukitundika."

Nilingoja kofi. Halikuja.

"Na mama yako ningemwambia nini?" aliuliza. "Kwamba ulikuwa unafanya utafiti?"

Akaniuliza kama nimeungua. Nikasema hapana. Akanipa suruali yake ya akiba, akaenda kuyakokota nje makaa yote ya moto ya boila ya jirani na kuyamwagia maji.

"Nusu bado chafu," akasema.

Nikaingia tena. Alikaa tunduni mpaka nikamaliza, amenishika mguu.