Laptop Ndani ya Gunia la Makaa

Ndugu yangu mdogo alikuwa anasoma shule ya mtaa wa Kawangware 46, mimi nilikuwa napanga Silanga, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, na matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa ikawa kana kwamba kila mmoja wetu yuko nchi yake. Barabara zilifungwa kwa fujo. Simu yake ilizimwa, ikabaki hivyo. Jirani yangu, mama wa kutoka Kitui aliyeuza makaa karibu na mlango wangu, aliniuliza kila asubuhi, "Amepatikana?" Nilimjibu bado, wakati mwingine kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyemficha.

Nilichobaki nacho kilikuwa barua pepe. Saiba, vile vibanda vya intaneti vya mtaani, zilikuwa zimefungwa au kuvunjwa, ila ofisi ya kanisa moja kule mtaa wa Ayany ilikuwa na mtandao usiotumia waya, na mzee wa kanisa alinipa neno la siri niutumie nikiwa nje. Kadi ya mtandao ya laptop yangu kuukuu haikuuweza mtandao huo. Nilikuwa na kadi mpya niliyonunua mjini kabla ya uchaguzi. Nikafungua kifuniko cha chini, nikatoa ya zamani, nikatia mpya, nikarudisha waya mbili nyembamba za antena. Taa ya mtandao ikawaka. Nikajiona fundi.

Shida ilikuwa njia ya kwenda Ayany. Vijana waliokuwa wameifunga walipekua mifuko, na kitu chochote cha stima kilikwenda nao.

"Weka hiyo kitu kwa gunia," mama akaniambia. "Hao vijana hawapendi kuchafua mikono."

Nikaifunga laptop kwa leso yake ya kujifunga kiunoni, tukaizika kwenye makaa, nikabeba gunia yeye akitangulia.

"Sasa mathe, umebeba nini?" kijana mmoja akamuuliza.

"Makaa. Unataka kuonja?"

Wakacheka, wakatupisha.

Tulipofika Ayany, mama alikaa langoni kuuza, nami nikachuchumaa nyuma ya ofisi ya kanisa. Nikawasha. Laptop ikasema redio yake, ile inayoshika mtandao, imezimwa. Nikadhani kadi imelegea njiani, nikafungua na kuikandamiza. Bure. Nikabadilisha zile waya, nikaweka programu yake upya. Bure. Niliitukana kadi, nikamtukana na aliyeniuzia. Mwishowe nikarudisha kadi ya zamani, niliyokuwa nayo mfukoni, na yenyewe ikasema redio imezimwa.

Hapo ndipo hasira iliponiisha. Kadi mbili haziwezi kufa siku moja. Nikaacha mambo ya ndani, nikaanza kuikagua laptop kwa nje. Ukingoni mwa mbele kulikuwa na swichi ndogo ya kuwasha na kuzima mtandao. Nyumbani ilikuwa ikilia kidogo ukiisukuma. Sasa ilikwenda kimya, kama kijiko kwenye uji. Vumbi la makaa lilikuwa limepenya leso na kujaa humo. Nikapuliza, nikachokoa kwa njiti ya kiberiti, nikapuliza tena mpaka ikalia. Nikarudisha kadi mpya, nikaandika neno la siri, nikafungua barua pepe. Ndugu yangu alikuwa ameandika:

"Kaka, simu walininyang'anya. Tuko wengi hapa shuleni, niko mzima. Tunaskia Silanga kumechomwa. Ukisoma hii niambie kama uko."

Juu yake kulikuwa na nyingine, ya siku iliyofuata: "Kaka?" Na nyingine tena, neno hilo hilo.

Nililia bila aibu. Nikaifunga laptop, nikakimbia langoni.

"Amepatikana!"

Mama akapiga kigelegele, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye masizi. Wateja wakatukodolea macho. Kisha akaniangalia.

"Na yeye umemwambia?"

Sikuwa nimemjibu hata neno moja.

Nikarudi nyuma ya ofisi mbio, nikiomba betri isinitupe. Kule Kawangware 46, mimi ndiye niliyekuwa bado sijapatikana.