Babu Waliyempa Mama Mdogo

Ule mji wameshaubomoa. Wiki iliyopita walipakia kuta zake kwenye malori, kwa hiyo sidhani kama nikiandika leo nitamharibia mtu kazi.

Ulikuwa mji wa kale wa visiwa vya Karibi, ndivyo bango lilivyosema, na ulijengwa ufukweni hapa Dubai ukae siku kumi na nne tu, msimu wa baridi ulipoanza. Kuta zake zilikuwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi kwenye karakana za Al Quoz, halafu zikakwaruzwa na kupakwa majani ya chai ili zionekane zimepigwa na jua miaka mia mbili. Mama mdogo alituambia hayo akicheka. Yeye alikuwa mmoja wa wenyeji wa mji.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, kutoka Tanga. Kule alikuwa mwalimu wa historia. Alikuja kwa viza ya kutembea, akawa analala na mimi kwenye godoro langu, mtaa wa Al Muraqqabat, kwenye chumba ambacho mama na baba wamekigawa kwa pazia. Viza ilishaongezwa mara moja. Kampuni iliyojenga ule mji iliwaambia wanawake wote kumi waliochukuliwa kwamba msimamizi atawaangalia kwa muda wa wiki moja, na watakaofanya vizuri watapewa viza ya kazi na kuendelea kwenye maonyesho mengine. Wengine, khalas, warudi kwao.

Walimpa karatasi ya Kiingereza aikariri. Alikariri kwenye jiko tunalogawana na wapangaji wengine, wakati wa zamu yetu ya kupika, mimi nimekaa juu ya ndoo, namsahihisha. Karatasi ilisema amezaliwa kwenye nyumba ya manjano karibu na bandari. Ilisema babu yake alikata miwa shambani akiimba kwa furaha toka alfajiri mpaka jioni, maana watu wa kwao hawajui huzuni. Baada ya hapo iliandikwa: hapa ucheke.

"Toka alfajiri," nilimwambia. "Umeruka alfajiri."

"Toka alfajiri mpaka jioni," akarudia, halafu akacheka kile kicheko. Mara ya kwanza nilidhani anacheka kweli.

Baba yake mwenyewe, yaani babu yangu, alikuwa mkata mkonge. Mwiba ulimtoboa jicho moja akafa nalo hivyo hivyo. Sijawahi kusikia mtu akisema aliimba. Nilitaka kumuuliza mama mdogo kama naye amelifikiria hilo. Nikamwambia tu, "Vizuri, sasa anza tena."

Kila mfanyakazi alipewa tiketi mbili za ndugu. Sharti lilikuwa moja: ndugu wasijulikane. Hakuna kukumbatiana, hakuna Kiswahili mbele ya wageni. Mama akanionya ndani ya teksi: "Ukimwona, usimwamkie."

"Nimpite tu? Kama ng'ombe?"

"Mpite tu kama ng'ombe. Mwenyewe ndiye kasema."

Tulifika saa kumi jioni. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu: rangi mbichi, mafuta ya samaki yaliyokaangiwa tangu asubuhi, na manukato ya nazi yaliyokuwa yakipulizwa na mashine iliyofichwa nyuma ya mnazi wa plastiki. Vikichanganyika na joto la watu unahisi kama mtu anakupumulia mdomoni. Kulikuwa na kanisa la bandari ambalo ukipita mlango wake unakuta vyoo. Kulikuwa na kasuku hai kwenye kibanda, amejinyonyoa kifua chote, watoto wanamlisha chipsi zenye tomato. Kwenye bomba la kunawia miguu palikuwa na shungi la nywele za watu limeziba tundu, na maji ya kijivu yamesimama, na watu wanakanyaga humo wakicheka. Mimi sikunawa, nikavaa viatu vyangu na mchanga wangu miguuni.

Mama, sitasema uongo, alifurahi. Alinunua sahani ya chakula cha kisiwani, akaonja, akanong'ona, "Mwanangu, huu si wali wa nazi na maharage? Nimelipia wali wangu mwenyewe!" Akacheka mpaka machozi, na akaumaliza. Mimi sikuweza. Maharage yalikuwa yamepoa na mafuta yameganda pembeni kama nta.

Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya manjano na sinia la ndizi za kukaanga, amefungwa kilemba kikubwa na sketi ya marinda. Tukasimama mbali kidogo, tukijifanya tunatazama dirisha. Msimamizi, kijana wa suruali nyeupe mwenye kibao cha kielektroniki mkononi, alikuwa akizunguka nyumba moja hadi nyingine akisikiliza na kuandika.

Akaja mwanamume mmoja kutoka majini, chupi ya kuogelea inachuruzika, mgongo mwekundu kama nyama ya buchani. Akamzungushia mama mdogo mkono kiunoni bila kuuliza, mkewe akapiga picha. Halafu akakiinua kilemba kwa kidole kimoja, aone nywele. Mama mdogo akacheka pale panapotakiwa kuchekwa. Alipoondoka yule mtu, kwenye sketi palibaki alama ya mkono, imelowa, vidole vyote vitano. Sikuweza kuyatoa macho kwenye ile alama.

"Kaa sawa," mama aliniambia. "Ukimtazama hivyo utamchoma kwa msimamizi."

Ndipo akaja mama mmoja mgeni. Mtu mzima, mweusi, nywele fupi za mvi, kandambili, pochi ya nguo begani. Hakuchukua ndizi. Alisimama akasikiliza karatasi nzima, toka nyumba ya manjano mpaka kicheko. Hakucheka. Walizungumza Kiingereza, naandika kama nilivyoelewa.

"Babu yako aliimba?" akauliza.

"Ndiyo, madam. Kwa furaha. Toka alfajiri mpaka jioni."

"Mimi nimezaliwa huko visiwani," yule mama akasema, taratibu. "Bibi yake bibi yangu alizaliwa kwenye shamba la miwa, akiwa mali ya mtu. Wewe nani kakuambia waliimba kwa furaha?"

Mama mdogo akatazama pembeni. Msimamizi alikuwa hatua tatu, ameshasogea, kidole kiko tayari juu ya kibao. Nilijua anachokitafuta mama mdogo kichwani, maana karatasi ilikuwa na jibu moja tu la maswali yote magumu. Nilimfundisha mimi.

"Sisi watu wa visiwani hatujui huzuni, madam," akasema, na akatabasamu.

Nilimchukia. Dakika ile nilimchukia kabisa, meno yake na kilemba chake na lile sinia. Na mdomo wangu ulikuwa umetembea pamoja na wake, neno kwa neno, bila sauti.

"Kuna tatizo, madam?" msimamizi akauliza.

Yule mama alimtazama yeye, akamtazama mama mdogo, halafu akaitazama ile alama ya mkono kwenye sketi.

"Hakuna tatizo," akasema. "Huyu ni wa mtaa wetu. Ukoo wao naujua."

"Nilijua tu!" Msimamizi akapiga makofi. "Halisi kabisa!" Akaandika kitu, akaenda nyumba ya pili.

Yule mama hakusubiri kushukuriwa. Alitupita akielekea lango la kutokea, halafu akarudi hatua mbili, akaniinamia mimi.

"Nimekuona ulivyokuwa unayasema naye. Ni mama yako?"

Nikatingisha kichwa. Nikasema, "Mama mdogo," kwa Kiswahili, halafu nikahangaika kulieleza kwa Kiingereza. Akaelewa.

"Mwambie atoe ile ya kuimba. Aseme lolote lingine wanalotaka. Hiyo aitoe."

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anasema mji mzuri."

Mama akampungia mkono kwa furaha, na yule mama wa watu akapunga pia.

Sikumwambia mama mdogo usiku ule. Tulikuwa tumelala mgongo kwa mgongo, ananuka ile nazi ya mashine hata baada ya kuoga. Naandika ukweli: niliogopa kwamba nikimwambia ataitoa, na akiitoa msimamizi atasikia, na atarudishwa Tanga. Kwa hiyo wiki nzima alisema babu aliimba, na mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia ile salamu. Kila akirudi nilijifanya nimelala.

Viza ikatoka. Tukala kuku. Kesho yake nikamkuta jikoni anamenya vitunguu, nikamwambia yote.

Hakushtuka. "Kwani unadhani sikujua? Nimelifundisha somo hilo la utumwa miaka saba. Nimechapa watoto wa watu kwa kushindwa kulijibu."

"Basi utaitoa?"

"Niitoe vipi? Wamegonga muhuri kwenye pasi, hawajanipa karatasi nyingine ya kukariri." Akaendelea kumenya. "Siku nne zimebaki. Hata nikiiruka mimi, wenzangu waliobaki wataisema ile ile."

Nikasimama pale. Nilitaka aseme samahani, sijui kwa nani. Akafuta macho kwa mkono wa gauni, vitunguu vile, halafu akauliza bila kunitazama:

"Yule mama alikuwa na hasira na mimi?"

"Hapana. Alisema taratibu tu."

"Afadhali angenitukana," akasema, akaniomba nimpitishie chumvi, na mwenye zamu ya pili akagonga mlango kutuambia muda wetu wa jiko umekwisha.