Neno "Tu" Kwenye Baraza ya Ba

Juzi nilikuwa soko la Nakawa nachagua choroko, mhubiri mmoja akawasha spika yake karibu na sikio langu. Njia ni moja, akasema, ya kwake tu, sisi wengine tunangojewa na moto. Watu wakaendelea kununua nyanya. Mimi nilirudisha choroko kwenye gunia nikaenda zangu. Ndugu yangu, moto siuogopi. Ni hilo neno dogo, "tu". Shule niliachia darasa la nne, lakini neno hilo nalijua vizuri.

Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, tukikaa kwenye kota za polisi. Mama alipika kwa mjane mmoja wa Kihindi, upande wa Kyambogo, ambaye wote tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Nikitoka shule nilikaa kwenye baraza yake kuchambua choroko, kando ya mitungi ya ndimu zilizoanikwa juani na chumvi na pilipili. Asubuhi nyumba ile ilinukia ubani, mchana samli. Chapati za Ba zilikuwa nyembamba, samli inakutiririka mpaka kiwikoni.

Na kila mtu pale alikuwa na mungu wake. Mwanawe alimpenda yule wa filimbi, mkwewe yule mama anayepanda simba. Wa Ba alikuwa na kichwa cha tembo, wa udongo, tumbo kubwa, panya miguuni. Kila mmoja alisema wake ndiye mkubwa kuliko wote, wanataniana weee, halafu wanakula pamoja.

Kwetu kota hakukuwa na utani. Katekista aliyetufundisha dini Jumamosi alisema Wahindi wataungua wote. Jirani yetu aliyeswali msikiti wa Kibuli alisema katekista mwenyewe ataungua. Nilikuwa mtoto, nikaona moto kila mahali. Siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Ba, mwalimu anasema utaungua."

"Mimi? Mimi iko kavu, nitashika moto haraka." Akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Wewe, mama yako nani?"

"Si yule pale jikoni?"

"Iko mama mwingine?"

"Hapana. Ni yeye tu."

"Sasa mimi si mama? Mtoto yangu alitoka kwa ndizi?"

Nikainamia choroko zangu.

"Ona. Umesema 'tu', na hujatukana mtu. Hiyo tu ya mapenzi. Yesu yenu anaita watu yake, njoo kwangu tu, kama mama anaita mtoto asipotee. Watu ya Kibuli pia wanaita jina moja tu, sababu wanapenda. Mimi na tembo yangu, hivyo hivyo. Mbaya ni mtu anachukua tu ya mapenzi, anafanya tu ya askari."

Mama akatoa kichwa jikoni. "Ba, usinichanganyie mtoto. Kwangu mimi tu ni tu. Yesu hana mwenzake."

"Shika, mama. Shika sana. Nani amesema achia?"

Hawakukubaliana mpaka mwisho. Mama alimwombea Ba aokoke, na Ba alijua. Asubuhi alikuwa akiuliza, "Leo umeniombea? Ombea na magoti yangu, yanauma."

Kisha serikali ikaamuru Wahindi waondoke nchini. Mwanawe na mkwewe walitangulia. Ba akabaki na nguo zake na yule tembo. Njia ya uwanja wa ndege askari walikuwa wakifungua kila sanduku, vitu kama hivyo wanavivunja kwa buti. Desturi yao, mungu wa udongo asiye na wa kumtunza hatupwi. Anapelekwa majini ayeyuke taratibu. Miguu ya Ba haikuweza kufika ziwani. Akamwomba mama.

Mama aliosha vyombo vyote kwanza. Kwa kanisa letu ile ilikuwa sanamu, hata kuigusa ni dhambi. Akafuta mikono, akatandika kitenge.

"Nitampeleka. Ila simwombi."

"Usimwombe. Shika vizuri, tumbo yake nzito."

Ba akaondoka mchana ule. Sisi tukashika njia ya Port Bell, mama na mzigo, mimi nyuma. Katekista alituona tukitoka, akatupita na baiskeli yake bila salamu. Tulimkuta kwenye rodibloku, kizuizi cha askari barabarani, amesimama na sajini. Simsingizii, nilimwona kwa macho yangu.

"Huyo ndiye anaficha dhahabu ya Muhindi," akasema.

Sajini akafungua kitenge. "Tembo? Wewe mama nabeba tembo?" Askari wakacheka.

Katekista aliona aibu, dhahabu hakuna. "Afande, hiyo ni mungu yao. Na mama huyu amebatizwa."

"Basi rahisi. Kanyaga, uende nyumbani."

Wakamweka yule tembo juu ya lami. Hatua moja tu, na maisha yetu yangeendelea. Mimi moyoni nasema mama kanyaga, mama kanyaga.

"Si mungu wangu, afande," mama akasema.

"Haya, kanyaga."

"Ni mzigo wa mwenzangu. Nimeahidi kuufikisha."

"Dada, kanyaga," katekista akasema. "Yesu tu ndiye Bwana."

Mama akamtazama. "Yesu tu. Ndiyo maana sikanyagi."

Sajini akamvunja tembo kwa buti yake. Mama wakamtia ndani ya Landrova, mimi wakaniambia niende nyumbani. Baba, polisi mwenyewe, alienda kuuliza, akaambiwa asirudi kuuliza tena. Katekista alihamia nyumba ya Ba. Alilala kwenye kitanda chake, na Jumamosi alitufundisha dini pale pale barazani, na sisi tukaenda, tungefanya nini. Sajini nilimwona miaka mingi baadaye Nakawa, anauza mkaa, kitambi mbele. Alinipunguzia bei. Hakunijua.

Kota zimebomolewa. Nyumba ya Ba wanapanga wanafunzi, na harufu ya pale ni ya sabuni na mafuta ya kukaangia. Watu wa Ba huchomwa wakifa, majivu wanayapa maji, kaburi hawaachi. Mama, aliyetaka msalaba na jina lake, hana kaburi pia. Katekista analo. La vigae, na kila Pasaka kanisa hulifagia.