Mume wangu anakumbuka vijidude vya gemu, mimi hanikumbuki

Admin, naomba jina langu lisitokee. Lamu ni ndogo na huku kila mtu ana simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Matondoni, nimeolewa Wiyoni. Hatujajaliwa mtoto. Mume wangu ni fundi wa makuti, na Mungu ni shahidi, tangu anioe hajaniinulia sauti hata mara moja. Mwaka jana alikuwa Ras Kitau akiezeka nyumba ya wageni, boriti aliyoikanyaga ikakatika, akaanguka kwa kichwa. Tulimpeleka Mombasa, akalazwa muda mrefu. Alipozindukana alimjua mama yake, akamuulizia mpaka paka wao aliyekufa zamani. Mimi nilipomshika mkono aliutoa polepole, kwa adabu, akauliza, "Mama, huyu dada ni nani?"

Daktari alitueleza kwamba miaka yake ya karibuni imefutika kichwani. Huenda ikarudi, huenda isirudi, na tusimlazimishe. Mume wangu anaamini bado ni kijana wa sekondari, anauliza shule zinafunguliwa lini. Niliwahi kumwonyesha picha za harusi yetu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatapika. Mama mkwe alizichukua zile picha akazifungia kabatini. "Mwanangu, utamuua," aliniambia. Hakuwa na hasira, alikuwa akilia kama mimi.

Kinachoniumiza zaidi ni malezi yake mema. Nikimpelekea uji hujifunika shuka hadi shingoni, akageukia ukutani, akamwita mama yake aje, "Mama, ndoo! Yule dada ameingia peke yake." Kwake mimi ni mgeni tu wa mama yake, si halali kukaa naye chumba kimoja. Basi nikawa nalala na mama mkwe, na nguo za mume wangu nazifua bila yeye kujua ni nani anayezifua.

Siku moja binamu yake alikuja kutoka Mombasa na kigemu cha mkononi. Walipokuwa wadogo, ami yao aliwaletea kimoja kutoka Omani, cha kukamata vijidude porini, unavilea, unavipiganisha. Sasa gemu lile lile limetengenezwa upya, lina rangi na muziki mzuri, lakini miji na mapori ni yale yale. Mume wangu alilishika, akacheka. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka. Akamwambia binamu yake, "Usipite ndia hiyo. Pangoni mna kijoka kimelala, kipelekee kijidude cha maji." Na kweli kijoka kilikuwamo. Alivitaja vyote kwa majina, kipi kinaogopa moto, kipi kikikua kinabadilika umbo. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mimi nilishukuru Mungu, kisha nikaingia jikoni nikalia. Vitu vya kubuni havijamtoka. Mimi niliyelala ubavuni mwake nimemtoka.

Nikaona nisikae hivi. Binamu yake alimwachia kile kigemu, nami nikamwomba mume wangu anifundishe. Alikubali kwa sharti mlango uwe wazi na mama yake awepo. Basi kila alasiri mama mkwe alikaa kizingitini akishona kofia, mimi kwenye mkeka, yeye kitandani. "Usikimbilie kukamata, dada," alinifundisha. "Kidhoofishe kwanza, ndipo utupe mtego." Nilipokamata cha kwanza akaniuliza akipe jina gani. Nilimwambia, "Mwandani." Ndilo jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili tu, hakuna mwingine alijuaye. Aliliandika herufi moja moja na mimi namwangalia usoni. Alipomaliza alisema, "Jina zuri," akaendelea kucheza.

Hata hivyo zile alasiri zilinipa uhai. Tulicheka pamoja. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba mwanawe amemwambia, angekuwa amemaliza shule angeniposa. Nilifurahi kama mwali.

Wiki iliyopita akaniuliza ghafla, "Dada, umeolewa?"

Mama mkwe aliacha kushona, akanitikisia kichwa nikatae. Nilitaka kukataa. Lakini ndoa yangu naikanaje, mbele ya mume wangu mwenyewe?

"Nimeolewa," nikasema.

"Mumeo yuko hai?"

"Yuko."

"Anajua kwamba waja kukaa hapa nami?"

Nilivuta mtandio nikajifunika uso. Alizima gemu, akaliweka juu ya mto wa kulalia, akaangalia chini. "Basi si vizuri. Mimi sitaki kuingilia haki ya mtu. Nisalimie mumeo, umwambie aniwie radhi."

Tangu siku ile nikikaribia mlango anaufunga. Si kwa ukali. Anaufunga taratibu huku akisema samahani.

Mama mkwe ananishauri nirudi nimwambie mwanawe kwamba nimeachwa, ili anipose upya, tuanze mwanzo. Lakini talaka si neno la mchezo, naogopa kulitamka hata kwa uongo. Na akija kukumbuka siku moja, ataniona mwanamke wa namna gani? Baba yangu naye amekuja mara mbili. Anataka nirudi Matondoni, twende kwa kadhi nivunje ndoa. "Wewe bado kijana, mwanangu," ananiambia. "Utamngoja mtu asiyejua kwamba angojewa?" Daktari naye anarudia yale yale, tuwe na subira.

Nikikaa katika nyumba hii, nakaa kama nani? Nikiondoka, namwacha mume asiyenikosea chochote, na yeye hata hatajua kwamba ameachwa. Dada zangu na kaka zangu mnaosoma hapa, msinicheke wala msinitukane. Niambieni, mngekuwa mimi mngefanyaje?