Miaka Ambayo Mama Hakumenya Ndizi

Jumamosi iliyopita, hapa Kyerwa ninakofundisha, mwalimu mwenzangu alikuwa anamwoza binti yake, nami nikaenda mapema kusaidia jikoni kama ilivyo desturi. Nilikuta wanawake wamezunguka mikungu ya ndizi, maganda yamewafika magotini. Wakatazama viatu vyangu, wakanipa kigoda kwa heshima tu, bila kunitegemea kwa lolote. Nikajipaka mafuta viganjani, nikachukua kisu, nikaanza. Baada ya muda mama mmoja akasema, "Kumbe mwalimu umekulia kwenye kibanja." Nikamjibu ndiyo, kwenye migomba yetu kule Bugene. Nikainamia kisu, maana harufu ya utomvu ilikuwa imeshanirudisha huko, na sikutaka kulia kwenye harusi ya watu.

Kama hujawahi kumenya ndizi mbichi, ngoja nikueleze. Utomvu wake hutoka kama maji, huwezi hata kuuona. Ukishakauka ndipo unageuka kahawia, kisha mweusi, na hapo hakuna sabuni utakayoibembeleza ikakusikiliza. Kwetu ndizi ni kila siku, mchana kwa maharage, jioni kwa chochote kilichopatikana, na kuzimenya ni kazi ya mwanamke wa nyumba. Mwanamke asiyemenya huulizwa kama anaumwa. Lakini ipo miaka ambayo mama yangu hakumenya, na alikuwa mzima wa afya. Miaka hiyo ndiyo inayonisumbua siku hizi, nikiwa peke yangu nasahihisha madaftari.

Nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujifunga vifungo vya shati, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Baba alikuwa fundi seremala mjini Kayanga, akitoka asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni na vumbi la mbao kwenye kope. Bibi, mzaa baba, alikuwa na nyumba yake ndogo nyuma ya yetu, katikati ya migomba. Na Mama alikuwa mwanafunzi. Alianza kwa kuandika vibao vya maduka kwa brashi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Siku moja mwenye steshenari ya Kayanga, aliyekuwa na kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, akamwambia kuna chuo Mwanza kinachofundisha grafiki, yaani kupanga herufi, picha na rangi kwenye mabango, vibandiko na kadi, na kwamba mtu anaweza kusoma akiwa kwake, akituma kazi kwa basi. Bibi alipoulizwa na watu mkwewe anasomea nini, alijibu kwa kifupi kwamba anasomea mabango.

Darasa lake lilikuwa barazani. Baba alimchongea ubao mpana wa kuchorea, akauwekea miguu mifupi ili Mama aweze kukaa chini mkekani huku akinyonyesha. Mbele yake, uani, ilianikwa kahawa. Kazi yangu na mdogo wangu ilikuwa kuigeuza kwa reki na kufukuza kuku, na kazi ya Mama ilikuwa kuchora, kubembeleza mtoto, kusikiliza maharage kama yameishiwa maji, na kutuamua tukigombea reki. Alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kuwa ameinamia herufi moja, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na bila kuinua kichwa akasema, "Weka chini hicho kisu." Mara mbili kwa wiki alikwenda steshenari kuhamishia michoro yake kwenye kompyuta, mtoto mgongoni, flashi imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na nauli.

Nilichokipenda kuliko vyote ni zoezi lake la jicho. Akimaliza mchoro aliubana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kisha akatutuma sisi watoto tusimame mbali kule migomba inapoanzia, tumempa mgongo. Akisema "Haya," tunageuka. "Jicho limetua wapi kwanza?" Ilibidi kujibu upesi, bila kufikiri. Mimi nilisema kikombe, au herufi nyekundu, au pale penye nafasi tupu. Mdogo wangu kila siku aliona kuku, kwa sababu kuku hawakuacha kupita chini ya kamba. Mama alimshukuru kwa heshima zote, akasema mchoro unaoshindwa na kuku haujakamilika, akaushusha akaanza upya. Sikujua kwamba tunasoma. Nilijua tu kwamba kwa muda ule mfupi Mama anatutazama sisi tu, na anangoja neno kutoka kinywani mwangu.

Maana ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu na ile shule. Nilikuwa naingoja iishe kama mtu anavyongoja mgeni aliyezidisha siku aondoke. Jioni moja nilimuuliza, "Mama, ukimaliza utarudi?" Akacheka. "Nirudi kutoka wapi? Si nipo hapa?" Nikamwambia hapana, urudi kukaa na sisi bila karatasi. Akanivuta, akanipapasa kichwa kwa mkono wenye wino. "Nikimaliza nitakaa nanyi mpaka mnichoke wenyewe." Neno hilo nililiweka moyoni.

Mambo ya ndizi yalikuja baada ya hapo. Mama alipewa kazi ya kuchora kibandiko cha pakiti ya kahawa, kwenye karatasi nene nyeupe, kwa rangi za maji. Alihangaika nayo tangu tulipoanza kuvuna mpaka magunia ya mwanzo yakajaa. Siku ya kuituma alimenya ndizi za mchana, akanawa, akajifuta vizuri, akaishika karatasi kwa pembe zake, akaifunga kwenye bahasha na kuwahi basi. Bahasha ilirudi na ujumbe mfupi wa mwalimu wa Mwanza: kazi nzuri, uchafu mwingi, irudie yote. Kwenye kila pembe palikuwa na alama za vidole vyake, kahawia, zimeiva vizuri humo njiani. Mama aliziangalia kwa muda mrefu. Hakulia, lakini jioni ile alitulisha macho yakiwa kwenye bahasha, na sisi tukala bila kugombana.

Kesho yake, kwa kuwa mafuta nayo yangechafua karatasi, akajaribu kumenya akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Tulicheka hadi tukagaagaa. Naye alicheka, mpaka kisu kilipoteleza kikamkata kidole cha shahada, kile cha kushikia penseli. Bibi alikuwa amekaa karibu akichagua maharage. Akainuka polepole, akakichukua kisu mkononi mwa Mama, akavuta kapu upande wake. "Toka hapo," akasema. Mama akakataa, akasema, "Hapana, Mama, watu watasemaje?" Bibi akawa ameshamenya ya kwanza. "Watasema mimi bado nina nguvu."

Na watu wakasema, bila shaka. Bugene si mahali pa kuficha mama mkwe anayemmenyea mke wa mwanawe. Jirani yetu wa upande wa barabarani, mwanamke mwenye maneno lakini asiye na roho mbaya, alikuja kuomba moto akakuta Bibi na kapu, na Mama na penseli. Akamwamkia Bibi shikamoo, akasimama pale akitafuta la kusema, mwisho akalipata. "Waitu jamani, siku hizi mke haolewi na mume, anaolewa na mama mkwe." Bibi hakuinua macho. Jirani akaendelea, akimtupia jicho Mama na karatasi zake na mtoto: "Lakini mshika mbili, moja humponyoka." Hapo Bibi akaweka kisu chini. "Ndiyo maana moja nimeshika mimi," akasema. Jirani akacheka, akakaa, akamenya na yeye kidogo kabla ya kuondoka na moto wake.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kumenya. Bibi alinikalisha pembeni yake, akanionyesha jinsi ya kufungua ganda kwa mkato mmoja na kuliondoa bila kuiumiza ndizi, na jinsi ya kupaka mafuta kwanza ili utomvu usipate pa kushika. Nilikuwa na hasira mwanzoni. Nilihisi ninatumikishwa na shule ya mtu mwingine. Lakini sikiliza sauti za adhuhuri zile: kisu cha Bibi, ndizi zikitumbukia kwenye beseni la maji, reki ya mdogo wangu kwenye kahawa, penseli ya Mama ikikwaruza, mtoto akinyonya, na mara kwa mara Mama akijiimbia wimbo wa kanisani kwa pua tu, bila maneno. Sote tulikuwa ndani ya hatua chache, hakuna aliyehitaji kupaza sauti. Sijawahi tena kukaa mahali penye watu wote ninaowahitaji.

Kazi ya mwisho ilikuwa bango kubwa la maziwa ya mtindi pamoja na vibandiko na kadi zake, na chuo kilisema asiyeileta kwa siku iliyopangwa hatapata cheti. Mama aliibana yote kwenye kamba, ikaenea tangu nguzo ya baraza hadi mparachichi. Ilikuwa kiangazi, kahawa imejaa uani. Tulikuwa tumempa mgongo kule kwenye migomba, tukingoja "Haya," wakati mvua isiyo na adabu iliposhuka kutoka upande wa Nyabiyonza. Sote tulijua la kufanya mvua ikija. Mtoto wa kwetu hukimbilia kahawa hata akiwa usingizini. Tukaikimbilia. Ndipo nikamsikia Bibi, ambaye kahawa ile ilikuwa ya mibuni aliyoipanda yeye na marehemu Babu, akipiga kelele, "Acheni kahawa! Karatasi kwanza!"

Tukaacha kahawa. Bibi mwenyewe alivua kitenge chake akafunikia bango, akabaki na gauni la ndani mvuani, akizitoa karatasi moja moja kutoka kwenye vibanio kwa vidole vyake vyeusi, akizishika kwa pembe za kitenge asije akaziacha na alama. Hakuna hata moja iliyoharibika. Kahawa ililoa yote. Baba aliporudi alisimama uani akaitazama, akatutazama sisi tuliojipanga ukutani tumelowa, akamtazama mama yake. "Basi," akasema, "mwaka huu tutauza michoro." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Mama alikwenda Mwanza na bango lake, akarudi amefaulu. Siku ya kumpongeza alimfukuza Bibi jikoni. Akakaa juu ya kigoda na gauni lake jipya, akamenya mkungu mzima akiwa hajapaka mafuta wala nini, akicheka, utomvu umemfika kwenye viwiko. Nilikaa nikimtazama jinsi vidole vyake vinavyobadilika rangi, nikafurahi kuliko yeye mwenye cheti. Nikajua amerudi.

Hatukupata hata msimu mmoja. Kiwanda cha uchapaji cha Mwanza kilimtaka, na kazi ya namna ile Kayanga haikuwepo. Waliongea yeye na Baba na Bibi kwa siku kadhaa, kwa sauti za chini. Bibi ndiye aliyemwambia aende. Sasa angefanya nini tena hapa, alisema, arudi kwenye ndizi? Aliondoka na basi la alfajiri akiwa na mtoto wa mwisho. Sisi wawili tukabaki na Bibi na Baba ili tusikatize shule. Alitupigia simu kila Jumapili, hakukosa. Alikuja kila Krismasi na nguo zilizotutosha. Ni yeye aliyenisomesha mpaka nikawa mwalimu, na sina neno baya juu yake hata moja. Lakini nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeahidiwa kitu.

Bibi amelala sasa kwenye kibanja, karibu na Babu. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kwenye migomba, Baba akalazimika kuing'oa karibu yote, na pale tulipokuwa tunasimama tumempa Mama mgongo sasa ni mahindi. Ameijenga baraza kwa matofali, ikawa chumba. Mdogo wangu anafanya biashara Bukoba na hakumbuki kwamba aliwahi kuona kuku kwenye kila mchoro. Nikimwambia anasema namzulia.

Juzi nilimpigia Mama. Tuliongea habari za afya, za mvua, za Baba ambaye bado hataki kuhamia Mwanza. Kisha nikamuuliza kama huwa anaikumbuka miaka ile aliyokuwa akisoma.

"Kila siku nilimwomba Mungu iishe," akasema. "Nilidhani maisha yangu yangeanzia hapo."

Nikamwambia hata mimi niliomba. Kila jioni, Bibi alipomaliza sala ya nyumba nzima, nilibaki nimefumba macho nikaongeza ya kwangu, kwamba shule ya Mama iishe nimpate. Akacheka kidogo, sauti yake ikiwa imebadilika. Akaniambia Bibi naye aliomba hivyo hivyo, kwa sababu ya mgongo wake. Na Baba, kwa sababu ya kahawa.

Nyumba nzima tuliomba jambo moja, na tukapewa.